Nyufa baada ya tetemeko la Jumamosi Bukoba: turudi ndani au tuendelee kulala nje?

Mwanakagera:
Wakuu, poleni wote. Nyumba imesimama lakini ina nyufa. Ni ya tofali za kuchoma zilizojengewa udongo, vyumba vitatu, imeezekwa bati. Lenta (boriti ya zege) iko juu ya milango na madirisha tu, haizunguki. Kuna ufa wa mshazari kutoka kona ya dirisha la sebuleni, mwingine wa wima kwenye kona ya chumba cha nyuma, na plasta imechanikachanika kila mahali. Ardhi bado inatikisika usiku. Ufa upi wa kuogopa? Mitetemo hii itakoma lini? Na huu ujumbe wa WhatsApp kwamba saa nne usiku linakuja kubwa zaidi, una ukweli?

Mwamba_Chini:
Huo ujumbe ufute. Hakuna chombo wala mtaalamu anayeweza kutaja saa ya tetemeko.

Kinachojulikana ni tabia ya mitetemo inayofuata. Kwa kawaida mkubwa wao huwa chini ya tetemeko lenyewe kwa kama 1.2 kwenye kipimo cha ukubwa wa matetemeko. Hili la Jumamosi, Septemba 10, 2016, lilikuwa 5.9, kwa hiyo fikiria 4.7 au hapo karibu. Kipimo kikishuka kwa 1, nguvu inayotoka hupungua mara 32 hivi. Idadi nayo hushuka: siku ya kumi utapata takriban sehemu moja ya kumi ya ile ya siku ya kwanza. Itachukua wiki kadhaa, huku ikizidi kuachana. Mara chache sana hufuata kubwa kuliko la kwanza, kwa hiyo sikwambii haiwezekani.

Kagera si mahali pa matetemeko ya kila mwaka, lakini tawi la magharibi la Bonde la Ufa ni jirani yetu. Hili lilianzia kama kilomita 40 chini, ndiyo maana Uganda na Rwanda nao walilisikia.

Fundi wa Timazi:
Mkuu, plasta isikutishe. Ibandue sentimita chache juu ya ufa: tofali na udongo wa katikati vikiwa vizima, hiyo ni kazi ya siku moja tu.

Wa mshazari uangalie pande zote mbili. Ukionekana ndani na nje, umepenya. Ukiwa umekutana na mwingine ukafanya X kati ya madirisha, kipande hicho cha ukuta hakibebi tena.

Ninaouogopa zaidi ni ule wa kona. Maana yake kuta mbili zimeachana, na kwa kuwa huna mkanda wa juu (lenta inayozunguka nyumba nzima), hakuna kinachouzuia ukuta kuangukia nje. Teremsha timazi (uzi wenye uzito mwishoni) kutoka juu ya ukuta. Ukuta wa mita 3 ukiwa umelala (umeinama) sentimita 3 au zaidi, chumba hicho kifungwe, hata mchana usiingie. Angalia pia ukuta wa pembetatu wa ubavuni chini ya bati, huo huwa wa kwanza kudondoka.

Kujua kama ufa unatembea: chukua kipande chembamba cha kioo, kigandishe kwa jasi pande mbili za ufa, kwenye tofali, si kwenye plasta. Andika tarehe kwa penseli. Kikipasuka, ufa umesogea.

Mvua za vuli ndizo hizi zinaanza. Udongo ulio kati ya tofali ukilowa unalainika, kwa hiyo funika nyufa za nje kwa turubai kabla ya kufikiria plasta.

Kando_ya_Ziwa:
Nyongeza: funga mtungi wa gesi, zima swichi kuu mpaka nyaya zikaguliwe. Hema liwe mbali na ukuta, angalau mara moja na nusu ya kimo cha ukuta. Choo cha shimo nacho kikaguliwe, kingo zake zinaweza kuwa zimelegea. Na likitikisika tena, msikimbie, ingieni chini ya meza imara mshikilie miguu yake.

Fundi wa Timazi:
Hapo kwa meza tutofautiane kidogo. Kwenye jengo la zege lenye nguzo, sawa kabisa. Kwenye nyumba ya udongo isiyo na mkanda, mlango ukiwa hatua tatu nne, toka moja kwa moja mpaka uwanjani, usisimame chini ya bati wala kando ya ukuta. Ukiwa mbali na mlango, meza.

Mwanakagera:
Timazi imeonyesha sentimita 4 kwenye kona ya nyuma. Je, nikifunga mkanda sasa itasaidia?

Fundi wa Timazi:
Si juu ya ukuta uliolala. Egemeza mirunda kwa nje, shusha bati la upande huo, bomoa ukuta mpaka chini na ujenge upya kwa saruji, ukiuingiza kwenye ukuta wa jirani tofali kwa tofali. Kisha mkanda uzunguke nyumba nzima: nondo 4 za mm 12, ringi (vyuma vya kuzizungushia nondo) kila sentimita 20, zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), umwagilie siku 7. Kosa la kila siku ni nondo kukatwa kwenye kona. Ikunje, ipite upande wa pili sentimita 60, vinginevyo kona itaachana tena palepale. Mpaka hapo, lala nje.