Kipimo cha haraka cha Korona kikileta C peke yake, niamini?

Zahanati_Ahero:
Wadau, habari zenu. Hapa tunatumia vipimo vya haraka vya antijeni. Mgonjwa anakohoa, ana homa, hasikii harufu, lakini kipimo kinaleta C (mstari wa udhibiti) peke yake, bila T (mstari wa virusi). Wengine wakipimwa PCR (kipimo cha vinasaba cha maabara) Kisumu wanarudi chanya. Makasha ya vipimo yanakaa stoo ya mabati. Shida ni kipimo, joto, ama ni sisi?

Maabara_Kondele:
Kabla ya kulaumu kasha, uliza dalili zilianza lini. Kipimo cha antijeni kinatafuta protini ya virusi jinsi ilivyo, hakiizidishi kama PCR inavyozidisha vinasaba. Virusi vikiwa haba puani, T haitokei. Uchambuzi wa 2022 wa Cochrane, mtandao unaojumlisha tafiti za tiba, ulikuta kwamba kati ya wagonjwa 100 wa Korona wenye dalili, vipimo hivi vilinasa kama 81 wiki ya kwanza na 54 tu wiki ya pili. Wasio na dalili, kama 55. Kwa hivyo hasi ya siku ya tisa haina uzito. Andika tarehe ya dalili kwenye rejista, kando ya majibu.

Na C isikudanganye. Inasema tu majimaji yamepita kwenye utepe. Chovya kijiti ambacho hakijagusa pua ya mtu, C itatokea safi kabisa. Hapo ndipo wengi tunakosea, kwa sababu mkono umezoea kipimo cha malaria: tone la damu ni damu tu, lakini kamasi inategemea mkono wa anayechukua. Kijiti kirefu cha nasofaringi (nyuma kabisa ya pua) huenda sambamba na sakafu ya pua, si kuelekea juu machoni, mpaka kigote nyuma. Zungusha, kiache sekunde chache, kisha toa. Mgonjwa asipotoa machozi hata kidogo, pengine hukufika.

Matone ya bafa (majimaji yanayochanganywa na kamasi) nayo hutegemea chapa ya kipimo: Panbio ni 5, Standard Q ni 3. Panbio husomwa dakika ya 15, na ikipita 20 usisome. Standard Q ni kati ya 15 na 30. Zahanati ikiwa na aina zote mbili kwenye meza moja, mtu atachanganya tu. Usitumie bafa ya moja kwa nyingine. T hafifu iliyotokea ndani ya muda ni chanya. Kivuli kilichojitokeza baada ya saa nzima si kitu.

Stoo_na_Friji:
Naongezea kuhusu joto. Vipimo vingi vimeandikwa nyuzi 2 hadi 30. Chini ya mabati ya Ahero saa nane mchana, 30 imepitwa kitambo. Joto linaweza kuharibu kingamwili za T huku C ikibaki nzima, kwa hivyo hutaona kosa lolote kwa macho. Weka kipimajoto stoo, andika asubuhi na alasiri. Kama kasha lina kijiti cha udhibiti chanya (ambacho lazima kilete T), kijaribu kila shehena mpya na kila baada ya wiki ya joto kali.

Zahanati_Ahero:
Asante sana. Friji ya chanjo je?

Stoo_na_Friji:
Ukiruhusiwa na mwenye chanjo (hatapenda), sawa, ila yasigande. Ukitoa, acha kama nusu saa kabla ya kupasua pakiti, la sivyo unyevu utaingia kwenye utepe na majimaji hayatatembea vizuri.

Kliniki_Mamboleo:
Upande wa mgonjwa sasa. WHO inataka kipimo kinase angalau 80% ya walioambukizwa na kitoe hasi kwa angalau 97% ya wasioambukizwa. Piga hesabu ya watu 1,000. Wakiwa 200 wameambukizwa, utapata chanya 160 za kweli na 24 za uongo, lakini 40 watakwenda nyumbani na hasi. Wakiwa 10 tu, chanya za kweli ni 8 na za uongo karibu 30! Kwa hivyo msimu wa mlipuko, tilia shaka hasi. Msimu mtulivu, tilia shaka chanya.

Mwenye dalili na hasi: barakoa, asikae karibu na wazee, rudia baada ya saa 48 au tuma PCR. Akipumua kwa shida usisubiri kipimo chochote, pima oksijeni umpe rufaa. Na huku kwetu pima malaria pia, ila malaria ikiwa chanya haiondoi Korona. Mtu anaweza kuwa nazo zote mbili.