Raga ya ufukweni Malindi: tuhesabu trai tupu, au na mikwaju ya penalti?

Mwanaufuo
Salaam aleikum wanaraga. Hapa Malindi kunapangwa bonanza la raga ya ufukweni msimu wa kaskazi. Timu 6, watano kila upande, dakika 5 kila kipindi. Kamati imegawanyika. Wengine wanataka trai pekee (kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) ihesabiwe, kwa sababu watazamaji wengi ni watu wa kandanda, na wakiona mtu amesimama dakika nzima akilenga nguzo watajiondokea wakatafute viazi karai. Wengine wanataka nguzo zisimikwe na penalti (mkwaju wa adhabu unaopita kati ya nguzo, juu ya mwamba) iwe alama 3 kama kawaida, la sivyo si raga. Kwa mtazamaji, kipi kina utamu zaidi? Na kwenye mchanga kinawezekana?

Fulubeki15
Mchangani ni trai tupu. Katika raga ya saba kila upande mkwaju wa nguzoni hupigwa kwa kudondosha: mpira uguse chini kwanza, ndipo mguu uupate ukiinuka. Mchanga haurudishi mpira. Unazama, na mpigaji anachota mchanga. Ukisema utumie tii, kile kigoda kidogo cha kusimamishia mpira, nayo inalala upande kabla mtu hajarudi nyuma hatua tatu.

Halafu nguzo zenyewe. Sheria inataka mita 5.6 kati yake na mwamba uwe mita 3 juu. Milingoti ya kimo hicho kwenye mchanga uliolowa inahitaji shimo refu, na bado lazima ing'olewe kabla maji hayajajaa. Kazi yote hiyo kwa mikwaju mitatu minne, ya nini? Wenzetu wa Ulaya wanaocheza ufukweni walishaondoa nguzo, trai ni alama 1, basi.

Kuhusu utamu, angalia historia ya alama. Kwenye raga ya 15 trai ilikuwa alama 3, sawa na penalti, hadi 1971 ilipopandishwa kuwa 4. Mwaka 1992 ikawa 5. Penalti imebaki pale pale kwenye 3. Wenye mchezo wenyewe walijua watu wanalipia nini.

RefaWaShela
Kaka Fulubeki, kuhusu mchanga sina ubishi. Kuhusu utamu nakukatalia.

Penalti ni fimbo. Mlinzi akishamwangusha mwenye mpira, anachotaka ni kulalia mpira sekunde mbili tu, mpaka wenzake wajipange mstari mmoja. Sekunde mbili hizo zinaua trai. Kinachomfanya avute mkono wake haraka ni kujua kwamba mbele ya nguzo, mita 35, atakuwa ametoa alama 3. Ondoa fimbo uone: kila raki, pale watu wanapogombea mpira ulio chini, itakuwa rundo la watu waliolala, na trai hutaziona.

Tena penalti ina utamu wake. Fainali ya Kombe la Dunia 2023, Afrika Kusini 12, New Zealand 11. Afrika Kusini hawakufunga hata trai moja, mikwaju yote minne ya penalti ni ya mpigaji wao Pollard. New Zealand walipata trai, mkwaju wake wa nyongeza ukatoka nje, kisha Jordie Barrett akakosa penalti ya mbali mwishoni. Nani alikwenda kununua viazi dakika zile?

Na mechi ya Kombe la Dunia la 2015 pale Brighton, Uingereza, Japani na Afrika Kusini, ndiyo inayonipa hoja. Japani wako nyuma 29 kwa 32, muda umekwisha, wamepewa penalti ya kusawazisha. Nahodha Leitch akakataa nguzo, akaomba skramu, ile ya pande mbili kusukumana kugombea mpira. Mwenzake Hesketh akafunga trai pembeni, 34 kwa 32. Uwanja ulilipuka kwa sababu alama 3 zilikuwa mezani na mtu akaziacha. Kama penalti isingekuwa na thamani, angekataa nini?

Mwanaufuo
Refa, hapo umenigusa. Lakini bila nguzo fimbo tutaipata wapi?

BiKipwa
Kwenye kadi. Kadi ya njano ya raga ya saba ni dakika 2 nje katika mechi ya dakika 14. Yenu ni ya dakika 10, wekeni dakika 1 na nusu. Watano wakibaki wanne, upande mmoja wa uwanja unabaki wazi kabisa na trai inakuja yenyewe. Lakini refa asisubiri kosa la tatu, mlalia mpira atoke mara ya kwanza.

Penalti iwe ya kugusa kwa mguu na kuondoka papo hapo. Kwenye uwanja mkubwa walinzi hurudi mita 10. Kwa uwanja wenu mdogo 5 zinatosha, mkizidisha kila penalti itakuwa trai. Kosa likizuia trai ya wazi, refa atoe trai ya penalti, alama 1, na kadi juu.

Jambo ambalo Refa hakuligusa: nani anaanzisha baada ya alama. Kwenye raga ya 15 aliyefungwa ndiye anayepiga mpira kuanzisha, kwa hiyo aliyepiga penalti anapata alama 3 na mara nyingi mpira unamrudia. Ndiyo maana mechi nyingine zinageuka 3, 6, 9, 12. Kwenye ya saba aliyefunga ndiye anayeanzisha, mpira unakwenda kwa aliyefungwa. Nyinyi fuateni hiyo, matokeo yatakaribiana.

Na ratiba jamani! Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, huku kwetu maji hupwa mnamo saa nne asubuhi, na jioni yanajaa mpaka juu. Mkipanga fainali saa kumi siku ya mbalamwezi, mtacheza polo ya majini. Mchanga mzuri ni ule ulioachwa na maji punde, mgumu kiasi cha kukimbilia lakini hauchubui magoti. Wa juu, mkavu, unamaliza pumzi kwa dakika mbili.

RefaWaShela
Naunga mkono, ila dakika 1 na nusu ni ndogo, mimi ningetoa 2. Mistari mchore kwa jembe, msitandaze kamba, mguu unanaswa. Mpira ukiingia majini umetoka, hata kama mtu ameudaka akiwa amezama magotini.

Fulubeki15
Dakika 2 ni nyingi, Refa. Hiyo ni trai mbili za bure.