Tupeane uzoefu: Ukumbi wa Taifa wa Maigizo, Nairobi

Ndugu wanachama, naomba tukusanye hapa kumbukumbu zetu za ukumbi ulio mkabala na hoteli ya Norfolk, katika barabara ya Harry Thuku. Ulifunguliwa mwaka 1952, mwaka uleule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, na hata baada ya uhuru ratiba yake iliendelea kutawaliwa na vikundi vya Wazungu. Mwaka 1976 mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo kuhusu Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ulipewa siku chache tu. Mwaka 1982 wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, huko Limuru, walifika kwa mazoezi ya mchezo wao wakakuta milango imefungwa, ikawabidi kuhamia Chuo Kikuu cha Nairobi, hatua chache kutoka hapo, ambako watu walifurika kuwatazama.

Mimi niliufahamu kupitia tamthilia teule. Basi la shule lilitushusha asubuhi tukiwa na sare zetu, na mhusika ambaye nilikuwa nimemkariri kwa ajili ya mtihani nikamwona akitokwa jasho mbele yangu, akihema, akisahau neno na kulirudia. Nani mwingine alianzia hapo?

Mchangiaji wa pili: Nimeigiza humo kabla na baada ya ukarabati uliokamilika mwaka 2015 kwa ufadhili wa kampuni ya East African Breweries. Wengi husifu taa na viti. Kwangu mimi, lililo kubwa zaidi ni kwamba siku hizi vikundi vya vijana kutoka mitaani vinachanga fedha, vinakodi ukumbi na kuingia kwa jina lao wenyewe, jambo ambalo waliotutangulia walilipigania kwa gharama kubwa.

Mchangiaji wa tatu: Mei 2022 nilimpeleka mama, mzaliwa wa Limuru, kutazama Ngaahika Ndeenda (Nitaolewa Nitakapotaka), mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ulioanzia Kamĩrĩĩthũ na kupigwa marufuku mwaka 1977. Ulichezwa kwa Kiingereza na kwa Kikuyu, nasi tukachagua Kikuyu. Nyimbo zilipoanza, wazee waliokaa nyuma yetu walizipokea bila kusubiri waigizaji, na mama, ambaye hajawahi kuimba mbele yangu nje ya kanisa, akajiunga nao. Tulipotoka aliniuliza swali moja tu, ambalo nawaachia wenye vikundi humu: mchezo huu utaletwa Limuru lini?