Kukagua viraka vya ufuatiliaji wa matukio kwa kila kichakataji katika emuleta

mwanagenzi_c

Wakuu, nawasalimu. Nimekabidhiwa kukagua viraka sita (mabadiliko ya msimbo yanayosubiri kukubaliwa) vya emuleta yetu ya ndani, yaani programu inayoiga kompyuta nyingine, ambayo ilichipuka kutoka QEMU, emuleta ya chanzo huria, miaka mingi iliyopita. Viraka hivyo vinamwezesha mtumiaji kuwasha ufuatiliaji wa tukio, yaani kulirekodi kwenye faili kila linapotokea, kwa kichakataji kimoja tu badala ya mashine nzima. Kila kichakataji kimepewa ramani yake ya biti, biti moja kwa kila tukio, na kitafsiri, sehemu inayogeuza maelekezo ya kompyuta inayoigwa kuwa ya kompyuta halisi, huitazama ramani hiyo kinapotafsiri: biti ikiwa imewashwa, hupachika mwito wa kurekodi ndani ya kipande cha msimbo, ikiwa imezimwa, hakipachiki chochote, na kasi haipotei.

Msimbo unasomeka vizuri. Hata hivyo, nilipowasha tukio la kusoma kumbukumbu kwa kichakataji namba 2 pekee, katika mashine ya vichakataji vinne, faili ilionyesha pia mistari ya namba 0, na baadhi ya usomaji wa namba 2 niliokuwa na hakika nao haukuonekana. Nianzie wapi?

msomaviraka

Ndugu, anzia kwenye hifadhi ya vipande vilivyotafsiriwa. Vichakataji vyote vinne vinachangia hifadhi moja, na kipande hutafutwa kwa anwani ya programu pamoja na bendera za hali ya kichakataji. Namba 2 akitangulia kufika kwenye anwani fulani, kipande hutafsiriwa kikiwa na mwito wa kurekodi, kisha namba 0 akifika hapo hukikuta kipande kilekile na kukitekeleza, mwito ukiwamo. Akitangulia namba 0, mambo hugeuka, na usomaji wa namba 2 hupotea kimya kimya. Ndiyo maana unaona dalili zote mbili kwa pamoja.

QEMU ilikabiliana na jambo hili katika toleo la 2.10, mwaka 2017, kwa kuiingiza hali ya ufuatiliaji katika hesabu ya hashi, ile namba inayokokotolewa ili kukitafuta kipande haraka. Angalia kama kiraka chochote kati ya hivyo sita kinagusa fanksheni ya hashi pamoja na ulinganisho unaofuata baada yake. Kugusa kimoja na kusahau kingine ni kosa lilelile.

fundi_thredi

Nakubaliana na aliyetangulia. Mimi ningetazama pia ni thredi ipi (mkondo wa utekelezaji unaokwenda sambamba na mingine) inayoandika kwenye ile ramani. Amri ya kuwasha tukio hutoka kwenye thredi ya usimamizi, wakati kichakataji kinakimbia kwenye thredi yake, pengine katikati ya kutafsiri. Njia salama ni kuandika kwenye nakala ya pembeni, kisha kukiachia kichakataji chenyewe kazi ya kuinakili kitakapotoka kwenye kipande, na papo hapo kifute kache yake ndogo ya miruko, inayokumbuka vipande kilivyovitumia karibuni. La sivyo kitaendelea kuvirudia vipande vya hali ya zamani.

Usikiache kihesabu cha vichakataji vilivyowasha tukio. Kichakataji kikichomolewa mashine ikiwa inaendelea kufanya kazi, kihesabu kipunguzwe mara moja tu. Kikipunguzwa tena kikiwa tayari sifuri, na ni namba isiyo na alama ya kutoa, kitaruka hadi thamani ya juu kabisa, na tukio litahesabika kuwa limewashwa daima.

mzee_wa_emuleta

Mwanangu, kabla hujasahihisha, uliza kama kazi hii inastahili kuingia. QEMU wenyewe walitangaza katika toleo la 8.1, mwaka 2023, kwamba njia hii inaachwa, kwa sababu ilizidisha ugumu katika kiini cha kitafsiri na programu-jalizi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kutoka nje, zilikwisha kuwapo kwa kazi kama hiyo. Kila tukio likirekodi namba ya kichakataji, unaweza kuchuja wakati wa kusoma faili. Gharama yake naijua: faili huwa kubwa mno kwa tukio la kusoma kumbukumbu. Kwa hiyo mwandishi wa viraka aeleze ni tukio lipi hasa alilolihitaji.

mwanagenzi_c

Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Hakuna kiraka kinachogusa hashi. Nimeongeza hali ya ufuatiliaji katika hashi na katika ulinganisho, na mistari ya namba 0 imetoweka. Ramani inaandikwa moja kwa moja na thredi ya usimamizi, kama fundi alivyohofia. Nimevirudisha viraka vyote sita kwa mwandishi nikiwa na maoni hayo, na swali la mzee nimeliweka juu kabisa.