Safari ya kuvua kwa nzi bandia baharini: Shelisheli au Omani?

Nahodha wa Nungwi

Assalamu alaikum ndugu zangu. Mimi ni nahodha wa boti ya wageni hapa Nungwi, Unguja, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwapeleka watu kwenye mkondo wa Pemba kurambaza sulisuli na jodari. Miaka minne iliyopita mgeni mmoja aliniachia fimbo yake namba 9 (namba ikipanda, fimbo ina nguvu zaidi) pamoja na ule mshipi mnene unaorushwa kwa uzito wake wenyewe, akanifundisha siku mbili ufukweni, na tangu hapo uvuvi huu umenikaa moyoni. Nzi bandia wa kwanza, yaani ndoana iliyovishwa manyoya iwe chambo, nilimfunga kwa manyoya meupe ya kuku, kama yale aliyokuwa akiyafunga marehemu baba kwenye ndoana za kurambazia nguru.

Nimeweka akiba ili mimi na mtoto wa dada yangu tusafiri kwa siku 8 au 10, tuvue kwa kutembea kwenye maji mafupi na kumwona samaki kabla ya kumrushia. Nafasi yangu ni Aprili na mwanzo wa Mei, kwa kuwa masika wageni hupungua. Moyo unavutwa na Shelisheli, lakini ami yangu anaishi Maskati na ametukaribisha kwake. Niende wapi, na je, fimbo hii moja itatosha?

Mpemba wa Wete

Waalaikumu salamu nahodha. Nilikuwa baharia Shelisheli kwa misimu mitatu, kwa hiyo nitasema ya huko tu.

Jambo la kwanza ni kutofautisha Mahé, kisiwa kikuu, na visiwa vya mbali. Samaki wa maji mafupi unaowaona kwenye picha wako Alphonse, takriban kilomita 400 kutoka Mahé, au mbali zaidi Farquhar na Cosmoledo, na huko hufiki kwa teksi. Ni ndege ndogo ya kukodi, mwongozaji na nyumba ya wageni, vyote vikiuzwa pamoja kwa wiki kwa maelfu ya dola. Mtu akikuahidi safari ya aina hiyo kwa bei ndogo, muulize ni kisiwa gani kabla hujatoa hata shilingi. Mimi nilimshuhudia mgeni aliyelipia wiki nzima akidhani anakwenda visiwa vya nje, akaishia kuvua mbele ya hoteli yake Mahé.

Ukifika, fimbo namba 9 inamtosha bonifishi, yule mwembamba wa rangi ya fedha anayeinamisha kichwa kutafuta kaa na kamba hadi mkia ukachomoza juu ya maji. Kolekole mkubwa anataka namba 12. Nenda ukijua namna anavyokuja: utaona samaki taa akiteleza juu ya mchanga mweupe, na nyuma yake kivuli cheusi kikimfuata, kwa sababu kolekole humnyemelea taa ili amdake kila anayetimuliwa mchangani. Una sekunde chache tu za kurusha. Yuko pia mwatiko, huyu huyu tunayemfuga mabwawani kwetu, na akishikwa na ndoana anakimbia kama aliyeibiwa watoto.

Aprili ni mwezi mzuri, kusi likiwa bado halijaanza kuvuma kwa nguvu. Hata hivyo Farquhar iko kusini kiasi cha kufikiwa na vimbunga. Kimbunga Fantala kilikipiga kisiwa hicho Aprili 2016. Viza haihitajiki, ila lazima uombe kibali cha kuingia kwa njia ya mtandao kabla ya kupanda ndege, na kwa kuwa huenda mkapitia Nairobi au Addis Ababa, chukueni vyeti vya chanjo ya homa ya manjano.

Mzanzibari wa Salala

Nahodha, kwa akiba ya mtu wa kazi kama sisi, njoo Omani, na usiishie Maskati. Pwani yenyewe ni hii ya Dhufari, kusini mwa Omani, kiasi cha kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Maskati, kuanzia Mirbat kwenda mashariki hadi Hasik na Shuwaymiyah. Hapa tunamtafuta permiti, ndugu wa kolekole, mviringo na bapa kama sinia, anayekuja na wimbi hadi kwenye mawe akitafuta kaa na kome. Unamvua ukiwa ufukweni, bila boti, kwa hiyo gharama kubwa inabaki kuwa gari na mafuta.

Lakini sitaki uje ukidhani ni bahari tulivu kama ya Jambiani kwenu Unguja. Maji yana povu, samaki ni mwoga kupita kiasi, na mtu anaweza kuvua siku tano chambo chake kisiguswe hata mara moja. Tarehe zako zinafaa, mradi usichelewe: kuanzia Juni ule upepo unaovuma kwenu kama kusi unatufikia kama kharifu, na bahari haivuliki hadi Septemba. Fimbo yako inatosha kabisa. Ami yako akusaidie kuulizia kibali cha kuvua mapema.

Bint Jambiani

Kaka, kwa safari yoyote kati ya hizo mbili, kwanza jifunze kurusha kwenye upepo. Njoo huku kwetu asubuhi ya bamvu, siku za maji makubwa, maji yanapoanza kujaa juu ya mchanga, urushe upepo ukiwa upande wa mkono wako wa kulia, kwani hapo ndipo ndoana inapowapiga watu mgongoni. Tafadhali pita kando ya vigingi na kamba za mwani. Mama yangu alifunga upya mistari sita baada ya wavuvi wageni kuikanyaga, na hakuna aliyerudi kuomba radhi.

Nahodha wa Nungwi

Nawashukuru nyote. Nimezungumza na ami usiku huu, na tumekubaliana wiki mbili za mwisho za Aprili, moja kwa moja hadi Mirbat. Bint Jambiani, bamvu lijalo nitakuja na mpwa wangu. Tuonyesheni mipaka ya mashamba ya mwani kabla hatujaingia majini.