Mrejesho: Fidia ya dogo aliyekatwa vidole na msumeno, Tabora

Wakuu, niliuliza kama kibarua wa karakana ya mbao anastahili fidia ya WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi). Anastahili, na dai limepokelewa. Asanteni sana.

Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 7 tangu ajue ajali. Msisubiri kidonda kipone. Dai lenyewe lina ukomo wa miezi 12. Mchango hulipwa na mwajiri peke yake, kwa hiyo akikata mshahara "wa WCF" kataeni.

Mfanyakazi akiwa nje ya kazi kwa ED (ruhusa ya daktari ya kupumzika kazini), analipwa asilimia 70 ya mshahara: wa 400,000 anapata 280,000. Ndiyo maana ushahidi wa mshahara una uzito mno. Vibarua wengi hulipwa mkononi, basi tunzeni daftari la malipo au miamala ya simu. Majina yafanane kwenye kitambulisho cha NIDA, mkataba na akaunti ya benki, herufi kwa herufi.

Ulemavu wa kudumu hupimwa baada ya matibabu. Ukiwa asilimia 30 kushuka chini ni mkupuo, yaani malipo ya mara moja. Ikizidi, pensheni ya kila mwezi. Mwombeni daktari aandike kiungo na kazi kiliyopoteza: "hawezi kushika randa", siyo "kidonda cha mkono" tu.