Wakala anasema chuo "kimesajiliwa na jimbo" huko Marekani. Masta yake itatambulika huku?

MamaJunior_Nkuhungu (Jumanne, saa 2:40 usiku)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa ndiyo siku niliyopewa ya kulipa.

Mimi ni mtumishi wa halmashauri moja humu mkoani Dodoma, upande wa manunuzi. Digrii nilimaliza 2014 na tangu hapo kila Januari nasema mwaka huu naanza masta, mpaka mdogo wangu aliyekuwa anakopi notsi zangu kanipita. Mwezi uliopita kaka mmoja alikuja ofisini kwetu, suti ya bluu na lile vumbi letu lote, akatueleza habari za chuo cha Marekani kinachofundisha mtandaoni. Masta ya manunuzi, miezi 9. Mtihani hakuna, unaandika kazi 6, na "uzoefu wa kazini unahesabiwa". Ada dola 2,400, ila mtumishi wa umma anapunguziwa hadi 1,850. Kianzio 600,000. Fomu laki moja, hiyo nimeshalipa (najua, msinichape).

Jumamosi tukakutana tena karibu na Nyerere Square. Nikamuuliza, kaka, hiki chuo kimesajiliwa? Akafungua faili la plastiki akatoa cheti, kizuri kweli, nakshi pembeni, muhuri wa dhahabu ambao ukiupapasa unausikia kwenye kidole. Juu pameandikwa Secretary of State wa jimbo fulani. Akaniambia, "Dada, huyu ndiye Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani. Unataka asaini nani tena?"

Nikanyamaza. Nilijiona mshamba.

Sasa nimefika nyumbani roho haitulii. Je, chuo kikisajiliwa na jimbo la Marekani, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wanakikubali moja kwa moja? Mume wangu anasema nisubiri, lakini yeye kila kitu anasema nisubiri.

---

Bajaji_ya_Makulu (saa 2:52 usiku)

Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani aache vita vya watu huko, aje asaini masta ya manunuzi ya Nkuhungu 😂😂

Samahani dada. Nimecheka peke yangu kijiweni watu wananishangaa.

---

ElimuBilaMipaka (saa 3:05 usiku)

Tatizo la Watanzania ni kukatishana tamaa. Dunia imehamia mtandaoni, nyie bado mnataka kukaa darasani na chaki. Chuo kina usajili halali wa serikali ya jimbo na ithibati ya baraza la kimataifa. Dada lipa, nafasi za punguzo zinaisha.

---

Bajaji_ya_Makulu (saa 3:07 usiku)

Mkuu umejiunga humu Jumapili na hii ndiyo posti yako ya kwanza. Suti yako ya rangi gani?

---

MsajiliMstaafu (saa 3:48 usiku)

Binti, usilipe kwanza. Nitaandika kirefu, nivumilie, umeme umerudi sasa hivi.

Nimefanya kazi ofisi ya msajili katika chuo kimoja cha kati humu mkoani miaka mingi, sasa nimestaafu nipo Hombolo na zabibu zangu. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuandaa makabrasha ya ukaguzi, enzi hizo baraza linalosimamia vyuo vya kati likiitwa NACTE, kabla halijawa NACTVET. Kwa hiyo ukiniambia neno "kusajiliwa" huwa nauliza: na nani, kwa ajili ya nini?

Kwanza hicho cheti. Karibu kila jimbo la Marekani lina Katibu wa Jimbo wake (Secretary of State), na katika majimbo mengi ofisi hiyo ndiyo inayoandikisha kampuni. Cheo kinafanana jina na cha waziri wao wa mambo ya nje, basi. Kwa lugha ya kwetu, uliyoonyeshwa ni karatasi ya BRELA, wale wanaoandikisha kampuni hapa kwetu. Inasema kampuni ipo na, mara nyingi, kwamba imewasilisha taarifa zake na kulipa tozo. Mimi na wewe kesho tunaweza kwenda BRELA kuandikisha kampuni ya kuuza mlenda. Je, hiyo inatuwezesha kumvisha mtu joho?

Angalia mwisho wa jina la chuo kwenye hicho cheti. Kuna herufi gani?

Marekani hakuna wizara inayosajili vyuo nchi nzima. Wizara yao ya Elimu yenyewe imeanzishwa kwa sheria ya 1979 tu, juzi juzi, na haimpi mtu leseni ya kufungua chuo. Kazi hiyo ni ya majimbo. Kila jimbo lina chombo chake: California kwa vyuo binafsi kuna ofisi inaitwa BPPE, Texas wana bodi ya uratibu ya elimu ya juu, New York wana Baraza la Regents lililokuwepo tangu 1784. Hao ndio wanaotoa ruhusa ya kufundisha na kutunuku digrii. Ni ofisi tofauti kabisa na ile ya kuandikisha kampuni, na ukali wao haulingani. New York hata neno "University" hulitumii hovyo. Mwaka 2005 idara yao ya elimu iliiandikia Trump University kwamba inatumia jina hilo bila leseni. Jina likaja kubadilishwa 2010. Hata Donald Trump aliambiwa, sembuse huyu wa suti ya bluu.

Kwingine kuna mianya. Majimbo kadhaa yanavisamehe leseni vyuo vya dini, kwa sharti kwamba vinafundisha mambo ya dini. Ndiyo maana siku hizi ukikaa kanisani bila kuwa Daktari unajiona umechelewa.

Ukishapita leseni ya jimbo, kuna ithibati, na hiyo haitolewi na serikali kabisa. Inatolewa na mashirika binafsi yanayokwenda kukagua ufundishaji, kwa mfano HLC ya Chicago. Wizara ya Elimu ya Marekani inachofanya ni kuyatambua hayo mashirika, na wanafunzi wakitaka mkopo wa serikali kuu lazima chuo kiwe na vyote viwili, ruhusa ya jimbo na ithibati ya shirika linalotambuliwa. "Baraza la kimataifa la ithibati" alilolisema huyo bwana hapo juu linaweza kuwa tovuti iliyofunguliwa na haohao wenye chuo. Kagua kwenye kanzidata ya Wizara hiyo inayoitwa DAPIP, na kwenye orodha ya CHEA, baraza lao binafsi ambalo nalo linatambua mashirika ya ithibati. Zote bure, zinafunguka hata kwenye simu. Andika jina la chuo herufi kwa herufi, maana hawa jamaa hupenda majina yanayokaribiana na ya vyuo vikubwa.

Na wakikwambia wamo kwenye SARA, ule mkataba wa majimbo kuhusu masomo ya mbali, jua huo unahusu jimbo kwa jimbo ndani ya Marekani. California yenyewe haimo. Dodoma haimo pia.

Nikupe kisa kimoja ili ujue leseni ni kitu gani. Mwaka mmoja tulikuwa tunatarajia wakaguzi na maktaba yetu ilikuwa na rafu nyingi kuliko vitabu. Mkuu wa chuo akaazima vitabu kwa rafiki yake, tukavileta usiku kwenye kenta, tukavipanga mpaka alfajiri. Mkaguzi mmoja mama mfupi, mpole, akavuta kitabu cha takwimu, akafunua ukurasa wa 17. Unajua kwa nini wa 17? Kwa sababu vyuo vingi hupiga mhuri wa siri kwenye ukurasa mmoja wa ndani, na sisi tulikuwa tumebandika karatasi kwenye mihuri ya mbele tu. Akausoma mhuri, akamwangalia mkuu, akasema, "Hiki kitabu kimetoka safari." Kisha akaomba kuonyeshwa vyoo vya wanafunzi wa kike, akavihesabu, akaandika. Kozi ile hatukupewa mwaka ule. Nilikasirika sana wakati huo. Baadaye nilipompeleka binti yangu chuo nilianza na vyoo.

Kwa hiyo muulize wakala swali moja tu: nani alikwenda kuhesabu vitabu vyenu?

---

MamaJunior_Nkuhungu (saa 4:15 usiku)

Shikamoo mzee. Nimetafuta picha niliyopiga Jumamosi nikaikuza. Mwisho wa jina kuna LLC.

Na jina la jimbo kwenye cheti ni tofauti na jimbo lililoandikwa kwenye kipeperushi. Sikuona kabisa. Ule muhuri ulinipofusha.

---

MsajiliMstaafu (saa 4:19 usiku)

Marahaba mwanangu. LLC ni kampuni yenye dhima ya ukomo. Peke yake si dhambi, lakini basi chuo kikuonyeshe na karatasi ya ile ofisi nyingine.

---

Afisa_Masjala (Jumatano, saa 12:20 asubuhi)

Nachangia upande wa ajira, maana kila wiki napokea bahasha za namna hii mezani.

Hata chuo kikiwa cha kweli na kina leseni na ithibati huko kwao, masta ya nje haiingii kwenye faili lako kwa maneno. Lazima upate barua ya utambuzi kutoka TCU. Soma tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira, mstari upo: aliyesoma nje ahakikishe cheti cha chuo kimehakikiwa na TCU au NACTVET, na cha sekondari kihakikiwe na NECTA, baraza la mitihani. TCU wao wataangalia kama chuo kinatambulika katika nchi yake. Hapo ndipo cheti cha kuandikisha kampuni kinakwama.

Na kosa la kuchanganya haya mambo si la vyuo vya nje tu. Hapa kwetu watu huuliza "chuo kimesajiliwa?" wakiambiwa ndiyo wanalipa. Chuo kikuu kina hatua zake, kinaanza na leseni ya muda, kisha usajili kamili, mpaka ithibati na hati idhini. Na hata kikiwa nazo, kila programu inapitishwa kivyake. Mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya. Vilikuwa na majengo, mabango na maprofesa. Kwa vyuo vya kati hali ni hiyohiyo, NACTVET wanasajili chuo, halafu kozi nayo inahitaji kibali chake. Nimemwona kijana analia dirishani kwangu kwa sababu chuo chake kilikuwa na namba halali, kozi yake haikuwemo.

Dada, wewe ni mtumishi. Unakumbuka Aprili 2017, orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi ilikabidhiwa kwa Rais Magufuli hapahapa Dodoma. Ile ilikuwa ya vyeti vya sekondari na ualimu, lakini mimi nilikuwa kwenye chumba cha masjala siku majina yalipobandikwa. Kulikuwa na mama tuliyekuwa tunanunuliana chai. Alisoma jina lake, akarudi kuchukua mkoba na kandambili chini ya meza, akaondoka hata kuaga hakuaga. Mwenye masta kama hiyo yako hajaghushi kitu, kanunua, lakini faili halina mahali pa kuandika "nilidanganywa".

Kama unachotaka ni kusoma ukiwa kazini, Chuo Kikuu Huria kipo kwa sheria ya 1992 na kina kituo hapa mjini. UDOM ipo hapo juu. Miezi 9 haitoshi, nakwambia mapema.

---

MamaJunior_Nkuhungu (Jumatano, saa 11:10 jioni)

Wapendwa, mrejesho.

Nimekaa na simu mchana, nimeandika jina la chuo kwenye ile kanzidata aliyoisema mzee. Imeleta chuo kingine chenye neno moja zaidi katikati, kipo kweli, kikubwa. Chetu hakipo. Nikajaribu na lile baraza lao la ithibati. Nalo halipo.

Nikampigia wakala. Nikamwambia, kaka, cheti ulichonionyesha ni cha kampuni, naomba kibali cha jimbo cha kutunuku digrii. Akasema atanitumia. Nikamuuliza, na nani alikwenda kuhesabu vitabu vyenu? Akanyamaza kidogo, akasema, "Dada, chuo ni cha mtandaoni, vitabu havihesabiki." Nikaomba laki yangu ya fomu. Tangu saa 7 mchana simu yake haipatikani, na picha yake ya wasapu siioni tena.

Ofisini kwetu tulikuwa 5. Wawili wameshalipa kianzio. Sijui nawaambiaje, mmoja ni bosi wangu.

---

Bajaji_ya_Makulu (saa 11:31 jioni)

Mtumie bosi hii linki, uandike "nimeikuta tu mahali".

Na yule ElimuBilaMipaka kafuta posti zake au macho yangu?

---

Kisasa_B (Alhamisi, saa 5:02 usiku)

Huwa nasoma tu humu, sichangii.

Mimi nilishamaliza. Chuo hichohicho, nimekitambua kwa ile miezi 9 na kazi 6. Mahafali tulifanyia ukumbini hapa mjini mwaka juzi, tulikodi majoho wenyewe, mama yangu alitoka Kondoa na ndoo ya asali. Cheti kipo sebuleni kwenye fremu. Kina muhuri wa apostili wa Marekani kabisa, waliniambia ukiwa na apostili dunia nzima inakukubali. Mwezi ujao kuna nafasi natakiwa kuombea, na masta ni sifa ya lazima.

Mzee Msajili, apostili nayo?

---

MsajiliMstaafu (Ijumaa, saa 11:45 alfajiri)

Apostili inathibitisha sahihi ya ofisa au mthibitishaji aliyegonga ile karatasi. Haisomi kilichoandikwa ndani. Ukipeleka barua ya mapenzi kwa mthibitishaji wa Marekani, nayo itapata.

Usikiambatishe kwenye hayo maombi, mwanangu. Ombea kwa digrii yako ya kwanza nafasi isiyodai masta. Kama una shaka na nilichosema, peleka cheti TCU wakujibu kwa maandishi. Risiti zote za malipo, na ujumbe wa simu, tunza, kisha nenda polisi na mwenzako wa Nkuhungu mkiwa pamoja. Huyo bwana bado anazunguka maofisini.

Fremu usiitoe mama akiwepo.